Kiti cha Kushoto

Kiti kilifika Nesitu nyuma ya bodaboda, kimefungwa kwa kamba za mpira na kufunikwa gunia la sukari. Kijana alikuwa amevuka nacho daraja la Juba, akapita Gumbo, akaja kukitua juu ya meza yangu ya mbao, kando ya barabara ya Nimule.

"Ya usta," akaniambia, "mzee anakusalimu. Anasema kiti hiki hakijasogea tangu vita."

Vita vipi, sikumwuliza. Nilikipindua. Fundi wa waya hukisoma kiti kwa chini, kama mganga anavyotazama ulimi. Nikaona kitambaa cha buluu kilichopauka, springi zilizo nzima, manyoya ya farasi yaliyogandishwa kwa mpira ambayo Wajerumani walikuwa wakijazia viti vyao, na mbele kabisa mota ndogo zimepangwa pamoja, kila moja na kebo yake. Halafu nikaziona reli. Zilikuwa zimechomelewa mahali pane. Waya zote zilikuwa zimekatwa karibu na mota, hazikuachiwa hata urefu wa kidole.

Gereji iliyofanya hivyo sitaitaja. Mota iligoma, mteja alitaka gari jioni, mtu akawasha mashine ya kuchomelea. Kiti kikagandishwa pale kilipokuwa, na kuanzia siku hiyo Benzi lile likawa linaendeshwa na mtu wa kimo kimoja tu, yaani mzee mwenyewe kabla miguu yake haijachoka. Sasa anataka binti yake aliendeshe, na binti hafikii klachi wala breki. Ndiyo sababu kiti kililetwa kwangu.

Nafanya kazi ya waya za magari tangu 1984. Katika ufundi wetu hakuna tabia ninayoichukia kuliko hii ya kuchomelea kitu kilichoundwa kisogee.

Watu wa pwani wanajua zamani kwamba kiti kina heshima yake. Ukiingia makumbusho ya Lamu utakiona kiti cha enzi: mpingo, nakshi za pembe, mgongo uliosukwa kwa kamba nyembamba, mahali pa kuwekea miguu. Alikikalia mwenye cheo au mgeni aliyestahili. Huku kwetu juu, mzee hutembea na kigoda chake mkononi. Mchana anakikalia, akijinyoosha anakilaza chini ya kichwa. Watoposa wa upande wa Kapoeta bado wanatembea navyo. Kiti cha enzi na kigoda vina jambo moja linalofanana: mtu ndiye anayekifuata kiti au kukibeba. Kiti chenyewe hakimfuati mtu.

Waliokifanya kiti kimfuate mtu ni watengenezaji wa magari. Mwaka 1957 Cadillac ya Marekani ilitoa Eldorado Brougham, gari la dola 13,074, ambalo kiti chake kiliweza kukumbuka mahali dereva alipopazoea na kurudi pale pale. Yalitengenezwa 400 tu mwaka huo. Huku kwetu watu wengi hawakuyaona ila katika picha. Kiti cha umeme tulichokuja kukifahamu sisi ni cha Mercedes, hasa zile za aina ya W126 zilizoanza kutoka kiwandani 1979, chini ya mkono wa mchoraji Bruno Sacco, zikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mafundi tunazipenda kwa swichi moja. Imewekwa mlangoni, na imeundwa kwa umbo la kiti kidogo chenye makalio, mgongo na kichwa. Ukisukuma makalio ya kile kidogo mbele, kiti kikubwa nacho kinakwenda mbele. Ukiulaza mgongo wake, wa kweli unalala. Hakuna neno lililoandikwa. Mtu asiyejua kusoma wala Kijerumani anaelewa mara moja, na mimi nasema hakuna swichi iliyobuniwa kwa akili zaidi ya hiyo katika gari lolote nililofungua.

Lakini hapa kwetu Benzi halikuja kama chombo tu. Katika miaka ya 1960, bendera mpya zikiwa bado zinang'aa, Afrika Mashariki ilizaa neno Wabenzi, kabila jipya lisilo na kijiji, linalojulikana kwa gari. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwabana viongozi wa Tanzania wasimiliki nyumba za kupangisha wala hisa za makampuni, na watu waliokuwa wakisema Wabenzi walielewa vizuri ni nani wanaoambiwa. Kenya haikuwa na azimio kama hilo. Magari yakaendelea kuingia, yakabeba mawaziri, yakachoka, yakapigwa mnada. Yakawa ya wafanyabiashara, kisha ya harusi, kisha ya wenye teksi. Kila yaliposhuka daraja, yalisogea karibu na sisi mafundi. Tuliyapokea yakiwa na mambo ambayo hatukuwahi kufundishwa na mtu.

Nilijifunzia Grogan, Nairobi. Jina rasmi ni Kirinyaga Road, ila hata leo ukimwambia mtu wa matatu "nishushe Grogan" anakushusha penye vyuma. Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyetembea kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, akamaliza safari yake 1900, na katika kutembea kule alipita na ukanda huu wa Nile. Mwaka 1907 aliwachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Jina lake likabanduliwa kwenye kibao baada ya uhuru, likabaki midomoni mwetu kwa sababu ya spea. Naliandika hili kwa kuwa vijana wangu hapa Nesitu walidhani Grogan ni aina ya gia.

Mwalimu wangu alikuwa Kalasinga, kama tulivyowaita Masingasinga wote, mjukuu wa fundi aliyeletwa na reli ya Uganda. Alikuwa mkali na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mshona nguo. Mwaka 1985 Rais Moi alikwenda Kamukunji kuwaona mafundi wa jua kali, na baada ya hapo ghafla kazi yetu ikawa na jina linalotajwa redioni. Sisi wa Grogan tulifurahi, ingawa jua liliendelea kutuchoma kama kawaida. Yule mzee wa Kisingasinga hakujali jina. Alinifundisha kusikiliza. "Mota ikilia na kiti hakiendi," alisema, "tatizo ni kebo au gia. Mota ikinyamaza, tafuta waya, swichi au kaboni. Usifungue kitu kabla hujasikiliza." Kiti cha kwanza cha umeme nilikifungua 1989, cha W126 la mnada, na usiku ule nilichora kila gia katika daftari la shule. Vitabu vya kiwandani hatukuwa navyo. Ufundi wote wa viti vya umeme katika mtaa ule uliandikwa hivyo, katika madaftari yenye madoa ya grisi, au haukuandikwa kabisa.

Kampala nako kulikuwa na njia yake. Idi Amin alipowafukuza Waasia Agosti 1972 kwa kuwapa siku 90, gereji nyingi zilibaki bila wenyewe, na waliokuwa wakishika taa na kupokeza spana wakajikuta wao ndio mafundi. Soko la Kisekka, lililochukua jina la Daktari Samson Kisekka aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, likawa ghala la kila kilichong'olewa kwenye gari. Kwa miaka mingi, kipande cha Benzi kilichokosekana Nairobi kilipatikana Kisekka, na cha Kisekka kilichokosekana kilipatikana Grogan. Mabasi ya usiku yalivibeba chini ya viti.

Mimi ni Mnubi wa Kibra. Babu zetu walikuwa askari wa Emin Pasha katika jimbo la Ikweta, wakachukuliwa na Lugard, afisa wa Kiingereza, 1891, wakaishia kuwa askari wa Mwingereza Uganda na Kenya, na mwisho wakapewa msitu nje ya Nairobi wakauita Kibra. Rajaf, ambako babu zetu walikaa na bunduki zao, si mbali na hapa ninapoandika. Nilipokuja Juba 2007, miaka miwili baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, nilishangaa kusikia watu sokoni Konyo Konyo wakiongea lugha iliyo karibu na ya bibi yangu. Gari ni arabiya, kiti ni kursi. Walinicheka matamshi, lakini walinielewa. Wengi wao nao walikuwa wamerudi kutoka Kakuma na kambi za Uganda, wakiongea Kiswahili changu.

Barabara ya Nimule wakati ule ilikuwa ya udongo, na pembeni wateguaji wa mabomu walikuwa wameweka mawe mekundu kuonyesha mahali pa kutokanyaga. Lami ilikamilika 2012, kilomita 192 kutoka Juba hadi mpakani, kwa fedha za Marekani, na ikawa barabara kuu ya kwanza ya lami katika nchi iliyokuwa imezaliwa mwaka mmoja kabla. Kuanzia hapo kila kitu kikapita njia hiyo: saruji, nyanya, bia, na magari. Hapo ndipo tatizo la kushoto na kulia lilipokuwa kubwa.

Sudan ilihamia kuendesha upande wa kulia wa barabara 1973, na Sudan Kusini ikabaki hivyo. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto. Gari la Khartoum lina usukani kushoto, gari la Kampala lina usukani kulia, na yote mawili yanapita Nesitu. Juba utamwona dereva amekaa upande wa mtaro, anamtegemea abiria wake amwambie kama anaweza kulipita lori. Kwa dereva hii ni hatari. Kwa fundi wa viti ni hesabu. Reli za kiti cha kushoto na za kiti cha kulia hazilingani. Ni kama viatu. Vishikio vimegeuzwa, na urefu wa kebo ndani ya kiti unapishana kulingana na mota ziko upande gani.

Benzi la mzee lilikuwa la Khartoum, 280 SE ya 1982, lenye usukani kushoto. Aliniambia lilipakiwa kwenye tishari Kosti na likapanda Nile hadi Juba kabla vita vya 1983 havijaanza, zama zile Kusini ilipokuwa na serikali yake ya jimbo chini ya mkataba wa Addis Ababa. Lilikuwa la mfanyabiashara. Mzee alilinunua mfanyabiashara alipohama, akalificha nyuma ya nyumba, akalifunika kwa mabati. Hakuniambia zaidi, na sikumshika shati.

Kukata sehemu zilizochomelewa kulinichukua siku mbili. Grainda ingefanya kazi hiyo kwa dakika kumi, lakini cheche zake zinaruka, na manyoya ya farasi yakishika moto hayazimiki upesi. Nilitumia msumeno wa chuma, nikabadilisha makali matano, nikamalizia kwa tupa. Reli moja ilikuwa imepinda kwa joto. Niliinyoosha kidogo kidogo kwenye jiliwa, huku nikiipima kwa kioo cha dirisha hadi ikalala bila kucheza.

Mota zilinishangaza. Niliungia kila moja betri ya volti 12 moja kwa moja, na tatu zikaamka. Ukibadilisha waya, chanya kwa hasi, inazunguka kinyume. Huo ndio ujanja wote wa mota ya kiti. Ya nne ilinyamaza. Kaboni zake zilikuwa zimeisha. Nilichukua kaboni ya mota kubwa ya feni, nikaikata, nikaipiga msasa hadi ikaingia kwenye nafasi yake bila kubana, nikasafisha shaba inapogusia. Ikalia.

Hapo ndipo mafundi wengi hufikiri wameshinda, kumbe kazi iko kwenye kebo. Kila mota inazungusha kebo nyembamba ya chuma, kama ile ya spidi, iliyo ndani ya ganda la plastiki. Mwisho wa kebo unaingia katika kijumba cha gia, gia inazungusha parafujo ndefu, na parafujo ndiyo inayosukuma kiti. Plastiki ikizeeka umbo lake linabadilika, na baada ya miaka 40 ya joto ganda na kebo haviendi tena pamoja. Ncha ya kebo haifiki vizuri kwenye gia. Inagusa, inateleza, inakula pembe zake. Mota inalia na kiti kimesimama. Dawa ni kuchukua wembe na kupunguza ganda milimita chache, ili kebo iingie zaidi. Milimita chache! Sina shaka hata kidogo kwamba mota za mzee "zilipogoma" siku ile ya kuchomelewa, tatu kati ya nne hazikuwa na ubaya wowote. Zilikuwa zinalia, na hakuna aliyezisikiliza.

Grisi ya ndani ya gia ilikuwa imekuwa kama ulimbo. Niliilainisha kwa mafuta ya taa, nikachokonoa kwa kijiti cha mwanzi, maana bisibisi hukwaruza meno. Kijumba kimoja gia yake ilikuwa imepasuka, na hiyo haitengenezeki. Nikapiga simu Kampala.

Mtu wa Kisekka aliniambia anayo mifumo miwili ya kiti cha dereva cha W126. Nikamwambia sitaki ya dereva. Dereva wa Kampala anakaa kulia, na mimi natafuta kiti cha kushoto. Nilichohitaji ni kiti cha abiria wa mbele, chenye umeme, na si magari yote yalikuwa nacho. Katika Benzi la waziri wa Uganda kiti kile alikikalia mlinzi. Mkubwa hukaa nyuma. Alitafuta siku tatu. Kikapatikana kwenye gari lililokuwa limebaki mwili mtupu. Dereva wa lori akakishusha hapa na kukataa pesa ya kubeba, akasema yeye ni mtoto wa fundi. Kwa hiyo gia iliyokuwa ikimsogeza mlinzi Kampala sasa inamsogeza dereva Juba.

Kuunga reli mbili kunataka subira. Kabla ya kukaza boliti, reli ya kushoto na ya kulia lazima ziwe mahali pamoja kabisa, kwa kuwa kila moja ina parafujo yake. Zikipishana hata kidogo, kiti kinajikunja, kinabana, na ile gia nyingine nayo inapasuka. Mimi huzirudisha zote nyuma hadi mwisho, nahesabu mizunguko kwa mkono, naandika kwa chaki juu ya meza. Vijana wangu wawili waliihesabu pamoja nami kwa sauti, mmoja kila upande, na tulipopishana tulianza upya. Tulianza upya mara nne. Nilifurahi tulipokosea, kwa maana katika kukosea kule ndipo walipoelewa.

Daftari langu la 1989 lilikuwa wazi mezani siku zote hizo. Julai 2016, mapigano yalipolipuka Juba na msafara wa jeshi la Uganda ukaja kuondoa watu, niliondoka nikiwa nimelifunga tumboni ndani ya shati. Sanduku la vifaa nililiacha, na niliporudi 2019 sikulikuta. Vifaa nimenunua vingine. Ile michoro nisingeinunua popote, kwa kuwa yule mzee wa Grogan alishafariki na banda lake sasa linauza simu. Kila ninapokutana na fundi wa rika langu namwuliza kama na yeye ana daftari. Wengi wanasema walikuwa nalo.

Siku ya tisa tulikifunga kiti kwenye gari, kule nyumbani kwa mzee. Kutoka mwisho wa nyuma hadi mwisho wa mbele kilitumia sekunde 17, bila kukwama na bila kelele ila ile ya mota yenyewe. Binti alikisogeza hadi miguu ikafika. Kisha akashuka, mzee akaingia, akakirudisha nyuma hadi pale kilipokuwa kimechomelewa, akatulia hapo muda mrefu mkono ukiwa juu ya usukani. Halafu akakisogeza mbele tena, akamwachia.

Kitu kimoja bado. Swichi ya mlango, ile ya umbo la kiti, ilikuwa imepotea, na nimeweka vitufe vya kawaida kwa muda. Natafuta ya mlango wa kushoto ya W126. Kama unayo Nairobi, Mombasa, Arusha au Kampala, katika boksi la vyuma usivyovijua, usiitupe wala usiiuze kwa kilo. Na kama baba yako alikuwa fundi na ameacha daftari, usiwashie jiko karatasi zake. Mpe dereva yeyote wa lori anayekuja Juba, mwambie Nesitu, kwa fundi Mnubi wa viti. Atanifikishia, na daftari nitalinakili kwa mkono na kukurudishia.